Sauti ya Chini ya Turubai

Waliomjua Hemedi kwa sauti, kuanzia Kondele mpaka Manyatta mpaka kule Nyalenda, walikuwa maelfu. Waliomjua kwa sura wangetosha kwenye mkeka mmoja. Miaka ile ya tisini pikapu ya rangi ya maziwa yenye vipaza sauti viwili juu ya paa ilipita polepole katika vichochoro vya Kisumu, na sauti nzito, nyororo, isiyo na haraka yoyote, ikawaambia watu nani amefariki na atazikwa lini, mechi inaanza saa ngapi, na akina mama wawapeleke watoto wapi wakachanjwe. Wanawake waliokuwa wakichambua dagaa wa omena walisimamisha mikono wakasikiliza. Wengi walikwisha kumchora mwenye sauti hiyo kichwani: mtu wa miraba minne, mwenye kitambi cha heshima. Masikini, hawakujua kwamba nyuma ya pikapu, chini ya turubai, alikaa kijana mwembamba mwenye kofia ya kufuma, amekunja magoti, akiutazama mji kupitia tundu dogo kama kifungo cha shati. Na hawakujua kwamba pikapu ikisimama na mtu akamsogelea kumjulia hali, kijana huyo hawezi kutoa hata neno moja.

Dukani alinyoosha kidole. Kinyozi alimwonyesha kwa mkono. Msikitini aliingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, ili asiulizwe habari za nyumbani. Mtaani Kaloleni, alikokaa na mama yake, Bi Zamzam, watoto walimwita bubu wa Bi Zamzam, na yeye hakuwasahihisha. Mama mwenyewe alimpata kwa pazia. Hemedi akiwa chumbani, naye mama sebuleni, pazia likiwa limeshuka baina yao, mazungumzo yalikwenda vizuri tu, hata wakacheka. Pazia likifunuliwa, basi. Bi Zamzam alizoea kubisha kwenye ukuta kabla ya kuingia, kama anayeingia kwa wageni, na moyo ulimuuma kila mara.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mdogo alikuwa na domo la kuchosha. Madrasa alimuuliza mwalimu maswali mpaka mwalimu akaomba apewe nafasi ya kunywa maji. Mwaka wa themanini na tatu alifaulu mtihani, akapelekwa shule ya bweni kule upande wa Muhoroni, katikati ya miwa. Alikwenda na sanduku jipya la bati na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa na furaha.

Shule zile zilikuwa na mila yao kwa wageni wa kidato cha kwanza, walioitwa mono. Mono alipewa njiti ya kiberiti akapime urefu wa uwanja wa mpira. Mono aliambiwa aizime taa ya umeme kwa kuipuliza. Wengi walifanya, wakachekwa, wakalia kidogo, na muhula wa pili wakasahauliwa. Hemedi bahati yake mbaya ilikuwa sauti. Jioni ya kwanza mvulana wa kidato cha tatu, Enos, mcheshi aliyependwa na kila mtu, alimwamuru alale chali uvunguni mwa kitanda, kichwa kikichungulia nje, awe redio. Sikio la kulia lilikuwa la kuongeza sauti. La kushoto lilikuwa la kutafuta stesheni. Kofi la utosini lilikuwa la kuzima.

Hemedi akafumbua kinywa, akasoma taarifa ya habari. Akasoma bei za mahindi, akatangaza vifo, akatangaza mpira, na sauti iliyotoka kifuani mwake ilikuwa nzuri mno hata vicheko vikakatika. Wakaja wa mabweni mengine kumsikiliza. Enos akajisifu kwamba redio ni yake. "Hatusikii," wakasema walio nyuma, na sikio la kulia likasokotwa. "Ongeza sauti." Akaongeza. Kuanzia siku hiyo alikuwa redio kila jioni, muhula mzima, kisha muhula wa pili, kisha mwaka wa pili, maana redio nzuri nani huitupa?

Jambo alilolionea haya kuliko yote, ambalo hakumwambia mtu kwa miaka kumi na minne, ni kwamba kuna siku alifurahi. Kuna jioni, kichwa chake kikiwa sakafuni na viatu vya watu vikiwa vimemzunguka, alisikia jinsi bweni lilivyonyamaza kwa ajili yake, akaona fahari. Kisha mkono ukaja sikioni.

Jumamosi moja wakati wa mavuno walikuwa wamemwasha mchana. Mara kengele ya mpira ikalia, wote wakakimbilia uwanjani, wala hakuna aliyekumbuka kumzima. Hemedi akabaki uvunguni. Mwezi uliopita aliwahi kujizima mwenyewe na aliona kilichompata, kwa hiyo aliendelea. Alitangaza kwa bweni tupu. Nje walikuwa wakichoma mashamba ya miwa, na majivu meusi mepesi yaliingia dirishani bila sauti, yakatua juu ya mablanketi, juu ya masanduku, juu ya uso wake. Jua likatembea polepole sakafuni, kitanda hadi kitanda. Alimaliza habari zote alizozijua, akatangaza vifo vya watu asiowajua, kisha akatangaza kifo cha Hemedi wa Kaloleni, mwana wa Bi Zamzam, kwa sauti ileile ya utulivu. Habari hiyo haikumshtua. Aliporudi Enos, jioni, akampiga kofi jepesi la utosini huku akicheka na wenzake kuhusu bao, Hemedi alihisi kwamba kilichozimwa hakikuwa redio.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya utoto, kwamba kila mtu aliyapitia akapona. Sawa. Basi na aliyeumwa na mbwa tumwambie mbwa alikuwa akicheza. Enos, nasikia, alikuja kuwa mtu mwema, baba wa watoto watano, na sina shaka hakumbuki kitu.

Mwaka wa tatu mwalimu mgeni alimsimamisha Hemedi darasani na kumuuliza jina. Hemedi akatazama nyuso arobaini zilizomgeukia, masikio yake yakawaka moto, akafumbua kinywa. Kilichotoka kilikuwa, "Ifuatayo ni taarifa ya habari." Darasa liliangua kicheko mpaka mwalimu naye akacheka. Tangu hapo hakufumbua tena kinywa mbele ya uso wa mtu.

Mzee Nicodemus, Mjaluo wa Manyatta mwenye pikapu na vipaza sauti, ndiye aliyemwokota. Alikuwa akitafuta kijana wa kubeba betri. Siku moja alikwenda kununua sigara akarudi akamkuta kijana yuko chini ya turubai peke yake, akijaribu maikrofoni. Nicodemus alisimama na sigara mdomoni bila kuiwasha. Alifunga kamba za turubai vizuri, akaingia mbele, akawasha gari. Walifanya kazi hivyo miaka tisa, na Hemedi chini ya lile turubai alikuwa mtu mwenye amani. Mji ulipita tunduni kama ndoto: kanga kwenye kamba, gurudumu la baiskeli, mkono wa mtoto, maji ya ziwa yakimetameta mwisho wa barabara. Hakuna aliyeweza kulifikia sikio lake.

Halafu akaja Safia. Yeye alikuwa fundi cherehani hapo hapo Kaloleni, binti wa Mzee Obeid aliyestaafu kwenye meli za ziwani. Amu yake alifariki Port Victoria usiku, maziko yalikuwa siku ileile alasiri, na marehemu alikuwa na marafiki wengi Manyatta ambao hawafiki msikitini. Safia akaja kutaka tangazo. Hemedi alimsikiliza akiwa ameinamisha macho, akaandika kwenye karatasi kuuliza jina kamili na saa ya maziko. Safia aliandika majibu chini yake, bila kuonyesha mshangao. Alikuwa njiani kurudi nyumbani alipoisikia sauti nyuma yake ikilitaja jina la amu yake, taratibu, kwa uangalifu, bila kuruka jina hata moja la ukoo. Hapo ndipo alipolia sawasawa, maana tangu alfajiri hakuwa amepata nafasi. Akajua pia nani aliyekuwa akisema.

Baada ya arobaini alikuja tena. Alisema turubai lao limechanika pembeni, mvua itaharibu mitambo, afadhali alishone. Hemedi alilibeba begani mpaka barazani kwa Mzee Obeid. Cherehani ya Safia ilielekea ukutani, chini ya dirisha, kwa sababu ya mwanga, hivyo mteja alikaa nyuma ya mgongo wake. Hemedi akakaa. Cherehani ikalia muda mrefu. Kisha nyuma ya mgongo wake Safia akasikia, "Uzi huo mwembamba. Utakatika."

Hakugeuka. Baadaye alimwambia dada yake kwamba shingo ilimuuma kwa kujizuia. Alisema tu kwamba kweli, mwembamba, akabadilisha uzi. Turubai ambalo lingeshonwa asubuhi moja lilichukua wiki mbili, na likiisha kushonwa pembe moja, ilionekana pembe nyingine nayo ina hitilafu.

Ulikuwa mwaka ambao magugu maji yaliifunga ghuba. Kutoka ufukweni ungedhani ziwa limekuwa malisho. Asubuhi kijani kilikuwa kimejaa hadi gatini, meli zimekwama ndani yake, ndege weupe wanatembea juu ya maji kwa miguu. Jioni upepo ukigeuka, malisho yote yalihama kimya kimya kwenda upande wa pili, na maji yakaonekana tena, yametulia, kama hayakuwahi kufunikwa. Hemedi alisema na mgongo wa Safia juu ya hayo, na juu ya mengine. Ilimchukua miezi kufika kwenye shule, na alipofika kwenye Jumamosi ile ya majivu, cherehani ilinyamaza. Safia alikaa ameishika nguo aliyokuwa akiishona mpaka alipomaliza. Hakusema pole. Alimwambia, "Kesho uje tena." Akaja.

Posa ilipopelekwa, Mzee Obeid hakuikataa. Aliweka sharti moja. Aliwaambia wazee waliokwenda na Bi Zamzam kwamba amesikia kijana ana sauti ya kuwaita watu wa wilaya nzima, lakini yeye binafsi, jirani yake, hajawahi kusalimiwa naye. Siku ya nikaha atamshika mkono, watatazamana, na kijana atakubali kwa kinywa chake mwenyewe. Sheikh alijaribu kumlainisha, akasema dini inamruhusu bwana harusi kumweka wakili.

"Dini inaruhusu," akasema Obeid. "Mimi siruhusu. Siku binti yangu ameshikwa na uchungu wa kuzaa, huyu atagonga mlango wa jirani aseme nini? Ataandika barua?"

Lilikuwa neno kali, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa la kweli. Safia alitaka kwenda kugombana na baba yake. Hemedi ndiye aliyemzuia. Aliuambia mgongo wake kwamba mzee ana haki, kwamba atasema, na kwamba akishindwa, basi asilaumiwe mtu.

Mwezi mzima alifanya mazoezi. Alikwenda ufukweni akayaambia magugu kwamba amekubali kumuoa Safia binti Obeid. Nicodemus akajitolea kuwa baba mkwe, ingawa yeye Jumapili huimba kwaya ya kanisa. Walikaa mbele ya pikapu, Nicodemus akamshika mkono na kumuoza binti wa watu kwa mahari aliyoyasahau kila mara, na Hemedi akajibu akiwa ameinama.

"Omera, ndugu yangu," Nicodemus akamwambia, "wewe unaoa viatu yangu ama unaoa msichana?"

Hemedi akacheka. Siku ya kumi aliinua macho mpaka kwenye kifungo cha shati la Nicodemus. Siku ya ishirini, mpaka kidevuni. Lakini kilichomshangaza zaidi ni sauti yenyewe. Ile nzito ya chini ya turubai haikuja. Iliyokuja ilikuwa nyembamba, yenye kukwaruza, inayokatika katikati, sauti ya mvulana wa miaka kumi na minne. Ndiyo iliyokuwa yake. Haikuwa imepata nafasi ya kukua.

Nikaha ilikuwa Ijumaa alasiri, uani kwa Mzee Obeid. Mikeka ilitandikwa, wanaume arobaini wakajaa, wanawake wakiwa ndani na Safia. Nicodemus alikaa nyuma kabisa, karibu na lango, amevaa suti yake ya kwaya. Mbele alikaa Sheikh, na kando yake mashahidi wawili, mmoja wao Mzee Farajala, Mnubi mzee sana mwenye sikio moja zito. Hemedi aliketi uso kwa uso na Obeid. Mikono ikashikana. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu na mzito, na wake ulitetemeka waziwazi, hata kanzu ikatetemeka nao.

Obeid akatamka. Amemuozesha binti yake Safia, kwa mahari waliyokubaliana. Uani pakawa kimya. Kimya hicho Hemedi alikifahamu, alikuwa amekisikia akiwa sakafuni. Alipandisha macho, kifungo, kidevu, kisha macho ya mzee, akasema kwa ile sauti nyembamba, "Nimekubali kumuoa Safia kwa mahari hayo."

Alikuwa amesema. Angalau watu watatu walisikia. Lakini kila aliyewahi kuhudhuria nikaha anajua kinachofuata, kwa maana vijana hawawezi kuacha utani wao, na hakuna bwana harusi asiyechokozwa. Hawakuwa na nia mbaya hata chembe.

"Hatujasikia," akasema mmoja kutoka nyuma, na wengine wakacheka.

"Mtu wa pikapu huyo anaminya sauti? Bwana harusi, ongeza sauti!"

Masikio yote mawili yakawaka moto. Ua ukaenda mbali. Hemedi alihisi sakafu ya bweni mgongoni, akanusa moshi wa miwa, na ile sauti nyingine ikaamka kifuani, pana, tayari, nzuri. Ilikuwa inangoja tu aifungulie. Ingejaza ua mzima, ingevuka ukuta, kila mtu angefurahi na kusema mashaallah, na mambo yangekwisha. Ila atakayekuwa ameoa ni redio. Alilitambua hilo kwa uwazi, na akaogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani, maana katika miaka yote ile, kila alipoambiwa aongeze, aliongeza.

Akafumba kinywa. Kimya kikarefuka mpaka vicheko vikaisha. Huko ndani mtu akaanza kupiga kigelegele akanyamazishwa. Bi Zamzam, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, alishika kitasa kwa mikono miwili.

"Siongezi," akasema Hemedi.

Aliisema kwa ile sauti ya kukatika, akimtazama Obeid. "Hii ndiyo sauti yangu, Mzee. Sina nyingine ya kumuolea binti yako. Siongezi."

Sheikh alitazama karatasi zake. Mzee Farajala aliweka kiganja nyuma ya sikio, akauliza kijana amekubali au amekataa. Obeid hakuuachia mkono. Alikuwa ameushika tangu mwanzo, na ule mtetemo ulikuwa ukimwingia yeye mpaka begani. Alimtazama kijana kwa muda, kama mtu aliyeweka sharti akidhani ni la kupima ulimi, na sasa anaona alichokipima. Kisha akageuza kichwa kuwaelekea vijana waliokuwa nyuma.

"Mimi nimesikia," akasema. "Asiyesikia asogee."

Kwanza hakusogea mtu. Kisha Mzee Farajala akajikokota kwenye mkeka, kwa makalio, kama mtoto, mpaka magoti yake yakagusa magoti ya bwana harusi, akainamisha lile sikio lake zima karibu na kinywa cha Hemedi. Wa safu ya mbele wakamfuata. Wa kati wakasogea, na wale vijana wa nyuma, wameacha kucheka, wakanyanyuka na kuja kuchutama kati ya mabega ya wazee. Nicodemus naye akaja na suti yake, akapiga magoti pembeni. Wanaume arobaini wakasongamana mahali pa watu kumi, wakashusha pumzi ili wasikie. Ndani, wanawake walikuwa wakiulizana mbona wanaume wamehama mikeka, lakini hapo uani hakuna aliyewajibu, kwa sababu Hemedi alikuwa anasema.